Mtani Kwenye Lango la Mbegu

Lukelo Kikoti alipojiunga na Jeshi la Hifadhi hakuwa na cheti cha sekondari, kwa sababu shule yao ilifungwa katika Miaka ya Vumbi akiwa kidato cha pili. Hakuwa na meza. Hakuwa na chumba chenye mlango wa kufunga, wala taa yake mwenyewe, wala ndugu aliyewahi kuuona mlango wa chuo kwa ndani. Hakuwa na miwani, ingawa hilo hakulijua mpaka daktari wa jeshi alipomvalisha ya kwanza, akaona kumbe mti una jani moja moja. Hakuwa na mtu wa kumuuliza akikwama kwenye hesabu. Zaidi ya yote hakuwa na muda, maana askari wa lindo husimama mchana kutwa, na aliyesimama mchana kutwa akifungua kitabu jioni huona wino tu.

Jeshi lilimpa miwani, kisha likampa Shemeji.

Jina la serikali la chombo hicho lilikuwa Kisimamizi cha Zamu. Kilikuwa kisahani chembamba kuliko ukucha, kilichopachikwa chini ya ngozi ya kisogo. Askari aliposhika nafasi yake langoni, kisahani kilichukua mwili: miguu, mikono, shingo, hata sauti kwa yale maneno machache ya kazi. Kilisimama wima bila kuchoka, kikakagua vibali na kupiga saluti. Askari walikiita Shemeji kwa sababu, walivyosema wao, yumo nyumbani mwako wakati wewe hupo, na kumfukuza huwezi.

Shemeji alikuwa na sharti moja. Akili ya mwenye mwili ilipaswa kuwa macho. Akili ikilala, magoti yalilegea, na askari alianguka kifudifudi na bunduki yake. Katika majaribio ya mwanzo waliwaacha askari macho bila kazi yoyote, wamefungiwa ndani ya vichwa vyao, na wengi wakaugua kwa upweke. Ndipo mtu mmoja mwenye busara huko makao makuu alipouliza kwa nini saa zote hizo zisitumike darasani.

Hivyo ndivyo Lukelo alivyokuwa mwanafunzi wa uhandisi wa maji katika Chuo cha Masafa. Mwili wake ulilinda Hazina ya Mbegu pale Mlowa Juu, ambako mbegu za nchi nzima zilihifadhiwa baada ya ule ukame mkubwa, na yeye alikuwa amekaa kwenye benchi lisilokuwepo, akimtazama Mwalimu Hilda Rweyongeza akichora kwenye ubao usiokuwepo. Mambo ya langoni aliyasikia kwa mbali, kama mtu anavyosikia majirani wakizungumza ng'ambo ya ukuta wa udongo. Akitaka kurudi, kulikuwa na neno. Kila askari alijichagulia neno lake. Alilitamka moyoni, na kwa pumzi moja au mbili mwili ulikuwa wake tena.

Lakini chuo nacho kilikuwa na kanuni. Aliyetoka katikati ya somo alihesabiwa kuwa hakuhudhuria, na asiyetimiza mahudhurio ya mwaka wa mwisho hakuruhusiwa kufanya mtihani. Kwa hiyo wanafunzi wote wa pale kambini, bila kuambiana, walijizoeza kutorudi.

*

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango, kilikuwepo kibanda cha Mzee Otmari Gama, fundi wa nyavu za ukungu. Tangu mvua zilipoadimika, watu wa Mlowa Juu walipata maji kwa kusimamisha nyavu hizo juu ya matuta ya milima. Ukungu ulipopanda kutoka mabondeni ulishikwa na nyuzi, ukawa matone, matone yakashuka kwenye mifereji mpaka matangini. Nyuzi zake zilikuwa laini mno, kila mashine iliyojaribiwa ilizikata. Zilishonwa kwa mkono tu, na mkono wa kulia wa Otmari ulijulikana uwanda wote.

Otmari alikuwa Mngoni, Lukelo Mhehe. Mababu wa makabila hayo mawili walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka kuuana waliamua kutaniana. Mtani hakasirikiwi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akaja msibani kwako akalala kaburini na kukataa kutoka mpaka umpe kitu, nawe huna la kufanya ila kusubiri zamu yako ya kulipiza.

Kila asubuhi Lukelo alipovuka barabara kwenda lindoni, kabla Shemeji hajamchukua, Otmari alikuwa na neno lake. Siku moja aliwatangazia wateja kwamba serikali imekosea sana kumpa Mhehe ulinzi wa mbegu, kesho hakutabaki hata punje ya kumtupia kuku. Lukelo akajibu kwamba mbegu zimejengewa ukuta kwa sababu moja tu, kwamba ng'ambo ya barabara anaishi Mngoni. Bi Kostansia, mke wa Otmari, alicheka mpaka akakaa chini.

Watu wengine hawakumsemesha askari akishashika zamu. Waliona ni sawa na kuisemesha nguzo. Otmari hakuacha. Shemeji alimjibu kwa sauti ya Lukelo, kama anavyomjibu kila mtu, asimame nyuma ya mstari, tafadhali. Otmari naye aliuliza kama mstari huo ulichorwa na babu yake Lukelo wakati akiwakimbia Wangoni. Alimwambia mkewe kwamba mle ndani mna mtu, kwa maana alishaona pembe ya mdomo ikicheka. Na kweli, huko darasani, Lukelo alikuwa akicheka.

Mwaka wake wa mwisho wa masomo Lukelo alipandishwa cheo kuwa koplo, akapewa kofia mpya yenye utepe mwekundu. Katika utani, kitu kipya cha mtani wako ni halali yako kukiteka, mpaka mwenyewe akikomboe kwa kuku. Otmari aliiona kofia ile asubuhi, hakusema kitu. Alisubiri watu wajae barabarani. Kisha akavuka.

Saa hiyo Mwalimu Hilda alikuwa akieleza kwa nini ukuta wa bwawa hujengwa mnene chini na mwembamba juu. Alisema swali hilo halijawahi kukosekana katika mtihani, na aliyekosa hatua ya mwisho amekosa yote.

Kutoka ng'ambo ya ule ukuta wa udongo, Lukelo alisikia: "Mhehe, kofia hiyo nimeiteka."

Alisikia vizuri, akacheka moyoni. Alijua mkono wa Otmari unaelekea wapi. Alijua pia, kama kila askari anavyofundishwa siku ya kwanza, kwamba Shemeji hajui utani, na mkono unaokwenda kichwani mwa mlinzi kwake ni shambulio. Neno la kurudi lilimjia tayari. Mwalimu Hilda alikuwa amebakiza mstari mmoja wa hesabu. Lukelo akajiambia kwamba atamaliza mstari huu.

Akaumaliza. Aliporudi, kofia ilikuwa mavumbini, na Mzee Otmari alikuwa amepiga magoti, ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akiutazama kama kitu cha mtu mwingine. Hakulia. Kilio kilikuwa cha Bi Kostansia, aliyekuwa akivuka barabara bila kuangalia magari. Na sauti ya Lukelo, ambayo Shemeji alikuwa ameianzisha na ilikuwa haijamaliza kutoka, ilikuwa ikisema, tafadhali, simama nyuma ya mstari.

*

Kapteni Rukia Shemdoe, mkuu wa kituo, alifanya uchunguzi kesho yake asubuhi. Alikuwa ofisa wa haki, asiyependa maneno mengi. Kumbukumbu za chombo zilikuwa mezani pake, naye alizisoma kwa sauti. Zilionyesha kwamba akili ya Koplo Kikoti ilikuwa darasani tangu mwanzo wa somo mpaka mwisho wake. Zilionyesha hata kwamba katika muda uleule alijibu swali la mwalimu, na alijibu sawasawa.

"Kwa sheria, hukuwepo langoni," alisema kapteni. "Jeshi litamtibu mzee na kumwomba radhi. Wewe huna kosa lolote. Kuna swali moja nakuuliza kwa kuwa fomu inalitaka. Ulisikia chochote?"

"Hapana, afande."

Jibu lilitoka kabla Lukelo hajalipima. Chombo kilikuwa na hesabu ya mahali alipokuwa; hakikuwa na hesabu ya alichosikia. Kapteni aliandika, akafunga jalada, akasema litaondoka Ijumaa na gari la posta kwenda makao makuu, na huo ndio utakuwa mwisho wake. Akamtakia heri ya mtihani.

Lukelo alitoka pale akijishangaa. Alikuwa amenusurika, cheo chake kipo, mtihani wake upo, na hakuona furaha. Alipokaa na daftari lake, mstari wa mwisho wa ile hesabu ulikuwa umekaa kichwani kwa unadhifu wote, hakuna alichosahau.

*

Alikwenda kumwona Otmari jioni ya siku hiyo, baada ya zamu, akiwa na jogoo kwapani. Mtani aliyezidisha huenda na kuku. Desturi hiyo aliijua kabla hajajua kusoma.

Bi Kostansia alifungua mlango, akamtazama yeye na jogoo, akarudi ndani bila kumpokea. Otmari alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba. Hogo jeupe la plasta ya hospitali lilikuwa limeushika mkono wake toka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Kando yake palikuwa na rundo la nyuzi ambazo hazijaguswa, na msimu wa ukungu ulikuwa mlangoni.

Lukelo alianza kama ilivyo desturi. Alisema amesikia kwamba kuna Mngoni amejengewa mkono wa saruji, akaja kuangalia kama umepigwa lipu vizuri.

Hakuna aliyecheka.

"Karibu, Koplo," alisema Otmari. "Karibu kiti. Nashukuru kwa kuja kunijulia hali."

Hapo Lukelo alijua kwamba mambo yameharibika. Mzee huyu hajawahi kumwita kwa cheo. Hajawahi kumkaribisha kiti. Siku zote alimwambia akae chini na kuku wenzake. Adabu ile ilimuuma kuliko tusi. Alikaa, jogoo bado kwapani.

Otmari alieleza kwamba ofisa mmoja alikuja na karatasi. Ofisa huyo alikuwa mstaarabu, akamsomea taratibu, kwamba Koplo Kikoti hakuwepo langoni wakati wa tukio, kwamba kilichomvunja ni chombo, na kwamba chombo kilifanya kazi yake inavyotakiwa.

"Nisaidie kuelewa, Koplo, mimi sikusoma," alisema. "Ulikuwepo au hukuwepo?"

Lukelo aliuliza kama kuna tofauti, maana mkono umevunjika kwa vyovyote.

"Tofauti ipo, tena kubwa. Kama hukuwepo, nimevunjwa na kitu nisichokijua. Hakina kabila, hakina babu, hatukupigana nacho vita. Huyo si mtani wangu. Nitakwenda mahakamani kama mtu yeyote aliyeumizwa na mashine, na jogoo wako utarudi naye. Halafu nitamwambia mke wangu alisema kweli, muda wote huu nimekuwa nikiisemesha nguzo." Aliligusa hogo kwa mkono wake wa kushoto. "Lakini kama ulikuwepo, huu ni utani uliozidi. Utani uliozidi una dawa. Faini yake inajulikana, maneno yake yanajulikana. Wazee wetu walichinjana, bwana, na bado walipata maneno ya kuyamaliza. Sisi tutashindwa na mkono mmoja?"

Nje kuku wa Bi Kostansia walikuwa wakiparura, na jogoo aliye kwapani akajibu. Lukelo aliwaza jambo la ajabu, kwamba kambini kutokuwepo kwake kunamwokoa, na hapa kutokuwepo kwake ndiko kunakompoteza. Ofisi ilimpa nafasi ya kutokuwa na kosa, ikamnyang'anya nafasi ya kusamehewa.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilikusikia ukisema kofia umeiteka. Nilikuwa na neno la kurudi, nikaliacha. Nilitaka mwalimu amalize kwanza."

Otmari akauliza swali ambalo Lukelo hakulitegemea.

"Alikuwa anafundisha nini?"

"Kwa nini ukuta wa bwawa hujengwa mnene chini."

"Na ni kwa nini?"

Lukelo alimweka jogoo chini, akainua viganja vyake viwili kama kuta. Alieleza kwamba maji hayasukumi sawa kila mahali. Juu yanasukuma kidogo, na kadiri unavyoshuka, uzito wa maji yote yaliyo juu unajumlishwa, mpaka chini kabisa ndipo penye msukumo mkubwa kuliko kote. Mtu anayetazama bwawa huogopa mawimbi, ilhali ukuta huelemewa pale asipopaona. Otmari alifuata viganja vile kwa macho yake, akauliza kama ndiyo sababu matangi yao ya ukungu hupasukia kwenye kitako. Lukelo akasema ndiyo hasa.

"Basi afadhali umejua," alisema Otmari. "Ungenivunja mkono na bado somo lisikuingie, faini ningekuzidishia. Mhehe mkubwa wewe."

Bi Kostansia, aliyekuwa nyuma ya pazia muda wote, alitoka akamchukua jogoo. Alisema kwa ukali kwamba amekonda, kama mwenyewe, na akampeleka uani. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekuwa akilia na hataki ijulikane.

Faini ilitajwa palepale. Jogoo ni wa kukomboa kofia. Mkono ni shauri jingine: mpaka hogo litakapokatwa, mikono ya Lukelo ndiyo itakuwa mkono wa Otmari. Kila jioni atakaa kwenye kile kibanda na kushona nyavu, Otmari akimwelekeza na kumtukana. Watu wanasubiri maji. Lukelo alifikiria saa zake za kujisomea, akakubali.

Alipoaga, alisema kwamba kambini aliandikisha jibu jingine. Otmari akainua mkono wake mzima kumkatiza.

"Ya kwetu yamekwisha. Ya kambini ni ya kambini, mimi sikutumi."

*

Hakuna aliyemtuma, na hilo ndilo lililomnyima raha. Aliona haiwezekani mtu awepo nyumbani kwa Otmari na asiwepo kwenye karatasi. Siku ya pili bwaloni, wakati wa chakula cha mchana, alimweleza Jofrei Chitete kwamba anataka kurekebisha ushahidi wake.

Chitete alikuwa rafiki yake wa bweni, mwanafunzi wa uuguzi, mtu wa mzaha mwingi. Siku hiyo hakuwa na mzaha. Alisema mzee amesamehe, jeshi limesamehe, Lukelo anamtafuta nani mwingine wa kumsamehe? Alisema makao makuu wapo wakubwa ambao hawakuupenda mpango huu tangu mwanzo, na wanachosubiri ni kisa kimoja tu cha kusemea kwamba askari hawezi kusoma na kulinda. Wataufunga. Kambi nzima itarudi kusimama kama miti.

"Unataka kutubu kwa vyeti vyetu," alisema.

Neno lile lilikuwa la kweli, na lilikuwa zito. Lukelo akamuuliza Chitete neno lake la kurudi alilitumia mara ya mwisho lini.

Chitete alitafuna polepole. "Sijalitumia," alisema. "Labda mwaka wa kwanza."

"Hata mimi. Sasa fikiri angekuwa mtoto, amefuata mpira wake."

"Nyamaza kwanza."

"Na wewe ndiye unayesomea kuwauguza."

"Nimesema nyamaza, Kikoti." Alisukuma sahani yake, akaondoka.

Siku hiyohiyo, somo lilipokwisha, Lukelo alimwomba Mwalimu Hilda abaki kidogo, akamweleza yote. Mwalimu alishtuka. Alisema ile kanuni ya mahudhurio aliikuta chuoni, iliwekwa kwa ajili ya watoro wa mijini wanaokimbilia mpira, na hakuna aliyewahi kukaa akafikiri kwamba inawafungia watu wengine nje ya miili yao. Kama angeambiwa, alisema, angerudia somo mara zote ambazo mtu angehitaji. Lukelo akatambua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwambia. Waliona haya kuonekana wanyonge mbele ya chuo, wao ambao chuo kwao kilikuwa bahati.

Jioni, Lukelo akiwa kibandani kwa Otmari anajichoma vidole kwa sindano, Chitete alivuka barabara. Alisimama mlangoni akiangalia mshono wa rafiki yake, uliokwenda kama njia ya mlevi. Otmari alimuuliza naye ni kabila gani, apate kujua jinsi ya kumkaribisha.

"Mgogo, mzee."

"Hatuna vita nanyi. Kaa kwenye kiti."

Chitete hakukaa. Alimwambia Lukelo, "Ukiandika, iandike ile kanuni ya mahudhurio. Andika kwamba sisi sote haturudi, siyo wewe peke yako. Jina langu liweke." Kisha akasema mshono ule ungekuwa wa jeraha, mgonjwa angekufa, akaenda zake.

*

Ijumaa asubuhi gari la posta lilikuwa limekwisha kuegeshwa uani wakati Lukelo alipopiga saluti mbele ya meza ya Kapteni Shemdoe na kueleza alichokuja kufanya.

Kapteni hakukasirika. Alisimama akafunga mlango. Alimkumbusha kwamba marekebisho ya ushahidi hayapokelewi kwa mtandao, kwa kuwa chombo kinachoweza kuchukua ulimi wa mtu kinaweza pia kumwekea maneno. Lazima yaandikwe kwa mkono wa mwenyewe, kisahani kikiwa kimezimwa, mbele ya ofisa. Akamzimia kisahani, akampa karatasi na kalamu.

"Unajua kinachofuata," alisema. "Jina lako litaondolewa kwenye orodha ya mtihani mpaka shauri liishe. Huenda ukasubiri mwaka. Huenda ukavuliwa cheo."

"Najua, afande."

"Andika."

Aliandika taratibu, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika vizuri akiwa mkubwa, kila herufi imesimama peke yake. Aliandika kwamba siku ya tukio alimsikia Mzee Otmari Gama, alimtambua, alijua nia yake ni utani, na alikuwa na nafasi ya kurudi lakini hakurudi. Kwamba jibu alilotoa kwenye uchunguzi halikuwa kweli. Kwamba yeye hakutumwa na mtu kusema haya. Aliandika kuhusu kanuni ya mahudhurio, akataja kwamba mwalimu wake yuko tayari kurudia masomo, na kwamba Askari Jofrei Chitete ameomba jina lake litajwe pamoja na lake. Akaandika kwamba kosa ni lake na si la masomo: mlango wa darasa uachwe wazi kwa anayeingia na kwa anayetoka, mpango usifungwe, na kila mwanafunzi, kabla ya somo lolote lingine, azoezwe kurudi mpaka aache kuogopa.

Kapteni aliisoma akiwa amesimama. Kidole chake kilisimama kwenye mstari mmoja.

"Hapa umeandika 'mpango usifungwe'. Koplo haamuru makao makuu."

"Nifute, afande?"

"Sikusema ufute. Andika 'naomba'."

Lukelo aliandika. Kapteni aliisoma tena mpaka mwisho, akavuta kiti, akaketi, akachukua kalamu yake mwenyewe. Chini ya sahihi ya Lukelo aliweka ya kwake kama shahidi, na chini ya hiyo akaongeza maneno ambayo hakuna fomu iliyoyataka: kwamba yeye kama mkuu wa kituo anaunga mkono ombi hili, na kwamba tangu Jumatatu, kwa mamlaka yake, zoezi la kurudi litafanyika kambini hapo kila asubuhi kabla ya zamu.

"Mtihani ukirudi kukufungukia, utakuwa tayari?" aliuliza.

Lukelo alisema kwamba jioni atakuwa anashona nyavu, lakini Mzee Otmari amekubali asomewe kwa sauti wakati sindano inakwenda, kwa sharti kwamba kila sura aelezwe kwa Kiswahili cha watu. Amekwisha kuelezwa sura mbili, na ya pili ameibishia.

Kapteni alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Lukelo amjue. Alikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha ya khaki, akamrudishia aandike anwani. Kisha akawasha kiberiti chini ya kipande cha lakiri nyekundu. Lakiri ilidondoka nzito kwenye kifuniko cha bahasha, ikatanda, na kabla haijapoa akaigandamiza kwa muhuri wa kituo.

Lukelo alitoka nayo uani kwa miguu yake mwenyewe. Dereva alikuwa akifunga mfuko wa posta. Aliufungua tena, akanung'unika kwamba watu wa Mlowa Juu hupenda kukumbuka mambo gari likiwa limewaka. Lukelo alimwomba radhi, akaitumbukiza bahasha mfukoni, akasubiri mpaka kamba ilipokazwa. Gari likatoka, likashika njia ya makao makuu.